Upepo Ulipogeuka, Sisi Tulikuwa Chini

Mgeni rasmi, viongozi wetu, nanyi marubani mliokalia viti vyenye mito: karibuni kwenye uwanja wetu wa majivu. Viatu vikichafuka, tuwieni radhi. Vyetu havijawahi kuwa safi.

SISI NI NANI
Ni kikosi cha ardhini cha zimamoto ya msitu, watu wa mapanga, majembe na mabomba ya mgongoni. Tunafyeka njia ya kinga, kisha tunachoma nyasi zilizo mbele ya moto ili ukifika ukose chakula. Kabla ya kuwasha, msimamizi wetu, Mjomba Fyekeo, hurusha majivu aone upepo unaelekea wapi.

TULICHOFANYA
Kiangazi hiki nyasi zilikauka hadi zikawa zinavunjika mkononi. Moto ule mkubwa tuliushikilia mchana kutwa. Jioni upepo ukatulia, hewa ikapata unyevu, ndipo ndege zikaja na maji. Gazeti likaandika: "Ndege Zaokoa Msitu." Kwenye picha hakuna hata mpini wa jembe. Mgeni rasmi, tunaona wivu. Tumekubaliana tuuseme, usituozee moyoni.

KILICHOTUPATA
Mchana huo majivu ya Mjomba yalielekea bondeni, ulikokuwa moto mkubwa. "Washeni, wanangu!" Tukawasha. Punde upepo ukageuka, na moto tuliouwasha wenyewe ukaturudia. Mjomba alitusukumia mtaroni mmoja mmoja, yeye akawa wa mwisho. Mikono yake imeungua. Leo yuko wodini.

Baadaye tulimtania rubani mmoja: "Shemeji wa mawingu, mchana ulilala?"

Akajibu bila ubaya, "Tulizuiwa kuruka, jamani. Taarifa ya hewa ilisema upepo utageuka. Kwani ninyi hamkuambiwa?"

Hatukuambiwa.

OMBI LETU
Nishani utakazowavisha marubani leo tunazitamani, tusidanganyane. Ila hatuziombi. Tunaomba taarifa ya upepo ikiwafikia wao, itufikie na sisi kwa redio, wakati huohuo.

Mwenye bawa huambiwa, pepo zikibadilika,
Mwenye jembe huachiwa, hadi moto kumfika,
Nasi pia tumezawa, nasi ngozi hubabuka,
Neno moja tungepewa, mikono ingeokoka.

Marubani tutawapigia makofi, maana maji waliyamwaga kweli. Lakini kesho tunapanda tena mlimani, na nyasi bado ni kavu. Kabla hujapanda gari, mgeni rasmi, tutajie mtu mmoja tu: nani atatupigia redio?

Mungu akufikishe salama nyumbani kwako, nasi aturudishe kwetu.

Ni sisi,
Kikosi cha Ardhini, Zimamoto ya Msitu