Mfereji wa Shangazi Jasi

Tarehe 30 Juni, Shangazi Jasi atakabidhi funguo za stoo na kufunga miaka thelathini na miwili ya utumishi katika kituo chetu cha utafiti wa udongo. Nimekaa naye chumba kimoja kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, meza kwa meza, na nakiri kuwa kuandika habari zake huku kiti chake kikikaribia kuwa kitupu kunanipa tabu.

Alipoajiriwa alipewa kitalu cha chini, kile kilicho karibu kabisa na bahari. Maji ya chumvi yalipanda kutoka chini, jua likayakausha, na juu ya udongo ukabaki utando mweupe. Mahindi yaliota kimo cha kidole, yakaungua ncha, yakaishia hapo. Wenzake walimpa pole. Mmoja alimshauri afuge kaa.

Yeye akaagiza jasi, ule unga mweupe ambao ukichanganywa na udongo ulioharibiwa na chumvi huulegeza, ili maji ya mvua yapenye na kuisomba chumvi. Magunia yalifika akiwa safarini. Fundi aliyekuwa akitengeneza dari ya ukumbi aliyakuta stoo, akafurahia mali safi, akayapiga yote darini. Shangazi aliporudi alisimama katikati ya ukumbi, akatazama juu, na maneno yaliyomtoka hayafai kwa jarida hili. Fundi aliomba radhi asubuhi, akaomba tena jioni, na akaendelea kuja kuomba radhi hata baada ya jasi nyingine kununuliwa. Mwaka uliofuata tulikuwa harusini kwao. Ndivyo tulivyompata shemeji yetu, na mpaka leo kikao kikirefuka sana, Shangazi huinua macho darini akacheka peke yake.

Jasi ya pili iliingia ardhini. Akaongeza samadi iliyooza vizuri, kisha akachimba mfereji kukizunguka kitalu mpaka kwenye mkondo unaoingia baharini. Kwake mfereji ndio ulikuwa kazi yenyewe. Alituambia mara nyingi kwamba jasi huibandua chumvi tu, maji ndiyo huiondoa, na maji yasipopata pa kutokea hukaa palepale na mzigo wake. Akapanda mtama, na baadaye mpunga wa mbegu inayovumilia chumvi. Nakumbuka mtama ule wa kwanza ulipotoa masuke. Waliokuwa wakimtania walianza kupitia kitaluni baada ya kazi, kila mmoja akijifanya ana shughuli nyingine huko. Yule wa kaa alikuja mara mbili.

Sifa zikaenea, wageni wakaanza kuja. Shangazi akiwa likizo ya uzazi, ofisi iliona si vizuri wageni kuruka mfereji na viatu vyao, ikaleta kifusi na kuufukia ili magari yafike mpaka kitaluni. Nia ilikuwa njema kabisa. Mvua zikanyesha, maji yakasimama, yakakauka, na utando mweupe ukarudi. Shangazi aliyaona hayo akiwa na mtoto mgongoni. Alilia wazi mbele yetu, ikawa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akilia kazini. Kesho yake shemeji alifika na sururu, bila kuitwa na mtu, wakaanza kuchimbua kifusi. Ilichukua misimu mitatu kurudi pale walipokuwa.

Leo majirani waliokuwa wameyatupa mashamba yao ya chini wamerudi kulima, na wao wamechimba mifereji yao. Hata hivyo, miezi hii ya mwisho tumemwona akienda kitaluni kila jioni na kuukagua mfereji. Hofu yake haifichi. Anaogopa kwamba akishaondoka atatokea mtu mwingine mwenye nia njema na lori la kifusi.

Kamati ilimwuliza anataka zawadi gani, na kochi lilishachaguliwa. Alilikataa. Alisema anataka kutuona sote, wakubwa kwa wadogo, tukiusafisha mfereji kabla ya mvua, na yeye amekaa tu akitutazama.

Kwa hiyo sherehe haitaanzia ukumbini chini ya ile dari. Itaanzia kitaluni saa mbili asubuhi, na kila mtu aje na jembe. Mkurugenzi ameshaazima lake. Shemeji atakagua kina, na amesema safari hii hamwombi mtu radhi.

Shangazi, ahsante kwa udongo uliotuachia na kwa vicheko vya meza ya pili. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu watundu. Kiti chako tutakiweka ukingoni, upande wa kivuli. Kaa utulie, uone mwenyewe maji yakipita.