Chai ya Chumvi Siku ya Mwethya

Wamama wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, na nyinyi wazee mliojipenyeza huko nyuma kwa sababu ya harufu ya mahindi ya muthokoi, nimesimama! Nimesema nimesimama! Pigeni makofi kwanza, niko na raha sana leo.

Mnakumbuka tulipokuwa tukichimba matuta kule kwa jirani wa mtoni, jembe langu likateleza likanikata muundi. Kidonda kidogo tu. Nikakipaka udongo, nikakifunga na leso, nikaendelea kuimbisha. Ndugu zangu, nani anaacha mstari na yeye ndiye anaimbisha? Siku ya tatu mguu umefura, unawaka moto, nami natetemeka kwa jua kali. Wifi yangu akasema twende hospitali. Nikakataa katakata. Kesho yake mwethya ilikuwa inakuja kwangu! Utaitaje watu wachimbe shamba lako na wewe mwenyewe hauko? Watasema nini? Nikameza dawa ya maumivu, nikalala.

Asubuhi nikapika chai yenu, nikaweka chumvi badala ya sukari. Vijiko vinne! Wifi akaonja, akaniangalia machoni, akaita pikipiki. Hakuniuliza.

Kwa chumba cha dharura nilikuwa na mdomo, nawaambia. Nikamwambia daktari, msichana rika la kifungua mimba wangu, "Mami, nifungie hiki kidonda haraka, niko na wageni nyumbani." Akatoa damu, akaenda. Akarudi mbio.

"Mum, hauendi mahali."

"Si unaona ninaongea? Niko sawa!"

"Naona unaongea. Lakini kuna kitu tunapima kwa damu, kinaitwa lakteti. Ikipanda, inatuonyesha mwili umeanza kulemewa ndani, hata kama mtu bado anacheka. Kawaida iko chini ya mbili. Yako ni sita. Hii ni sepsisi, maambukizi yamekuzidi mwili mzima. Ukienda nyumbani sasa, unaweza kufa."

Na mimi, kichwa ngumu, nikasema, "Lakini mwethya..."

Wifi akaruka. "Wewe! Unataka wakuchimbie shamba ama kaburi? Chagua!"

Niliogopa, sitawaficha. Nikalala, nikawapa mkono wanitundikie maji na dawa. Nilikuwa nikilia, na hata hapo nilililia shamba kwanza.

Wakapima tena damu: nne. Kufika saa kumi, daktari akaingia na karatasi akitabasamu. "Mum, iko mbili na kidogo. Inashuka! Mwili umeanza kushika dawa." Asi! Nikaanza ule wimbo wetu wa kuchimba, hapo kitandani na sauti imekauka, na mama wa kitanda cha pili akaitikia!

Nililazwa siku tisa. Siku ya kurudi nilikuja nikitayarisha maneno ya kuwaomba msamaha. Nikafungua lango. Matuta, kutoka juu mpaka chini! Maharagwe yameshaota. Mlikuja, mkachimba bila mimi, mkapanda, na wifi ananiambia ile chai ya chumvi mliimaliza mkidhani ni dawa ya nguvu!

Asanteni. Asante wifi yangu, usijifiche huko jikoni. Asante yule daktari, aliyeamini damu yangu kuliko mdomo wangu. Na nyinyi, nawaomba kitu kimoja: kidonda kisipakwe udongo, kioshwe kwa maji safi na sabuni. Na ukiona mtu ana kidonda, anatetemeka, anachanganyikiwa, usimuulize kama yuko sawa. Atakudanganya kama mimi. Mpeleke, apimwe.

Na hiyo aibu ya kukosa siku ya zamu yako tuiache leo. Mgonjwa aende hospitali, sisi tutachimba.

Alhamisi tuko kwa mama wa kule juu. Daktari amenikataza jembe, lakini kuimbisha ameruhusu. Na chai, wifi ameapa, sitaigusa.

Haya, nani ataniitikia?