Ile Wimbo ya Film Inasema Nini?

Ubao wetu uko mtaa wa Mulekera, pembeni ya parking ya pikipiki, mbele ya mlango ninapouzia kahawa ya tangawizi. Umekaliwa mpaka umepinda katikati, na wanaoukalia ni walewale. Kuna Phinées, tunayemwita Sous-titre, yaani tafsiri ya chini ya picha, kwa sababu zamani kwenye nyumba ya video ndiye aliyeshika mikro na kuwaeleza watu film za Kihindi zinasema nini. Kuna Gérard, tunayemwita Bureau: anatembea na faili kwapani kila siku, na hakuna anayejua ofisi yake iko wapi. Kuna Mathe, mwendesha pikipiki, ambaye hana jina la utani kwa sababu hasemi mengi. Mimi wananiita Mama Ornella. Film ni za watu wenye nafasi ya kukaa. Lakini kahawa haiuziki kama huna masikio, kwa hiyo ninasikiliza.

Asubuhi hiyo Mathe alikuja na shida. Mama yake alifariki mwaka jana, na Jumamosi ilikuwa ibada ya kuondoa kilio. Alikuwa amemwomba Éliakim, mwalimu wa kwaya, apige kanisani wimbo wa film waliyokuwa wakiitazama nyumbani kwao utotoni. Éliakim alikuwa ameshaupata kwenye kinanda. Lakini mzee wa kanisa aliuliza: maneno yake yanasema nini? Ikiwa ni ya mapenzi, au ya kuomba sanamu, wimbo hauingii. Jibu lilitakiwa siku hiyohiyo, kabla kwaya haijafanya mazoezi.

— Na simu yako haijui? nilimuuliza.

— Mama Ornella, ile CD ilikuwa na film makumi mbili mu moja, hakuna hata moja yenye jina. Nilienda kuimbia Muhindi wa ku duka ya matela ya kulalia. Alicheka. Alisema ile si luga ya kwabo.

— Ulimuimbia mu duka? Bureau alishangaa.

— Mbele ya batu.

— Ungekuja kwangu kwanza, alisema Sous-titre, akaweka kikombe chini kama mtu anayetaka kuhubiri. Ile film naijua. Mvua inanyesha, kijana anavaa shati ya njano, anaimba pembeni ya muto. Iko anaomba mama yake musamaha juu alikataa masomo.

— Muongo! alisema Bureau. Ku video ulituambia iko anatafuta pacha yake.

— Ile ilikuwa séance ya kwanza.

— Na ya pili?

— Séance ya pili ilikuwa na bamama mingi. Balikuwa batu ya kulia.

— Donc ile luga huijui.

— Luga? Mi sikutafsiri luga. Nilitafsiri sura.

Mathe alishika kichwa.

— Bakubwa, mzee wa kanisa hataki sura. Anataka maneno.

— Maneno yako ku mikono, alisema Bureau. Uliangalia ile mikono yake vile inapanda, inashuka? Iko anahesabu mbuzi. Ile ni mahari. Bukweni wanasema kumi na mbili, yee anasema kumi. Angalia: hii vidole, mbuzi. Hii kiwiko, dume.

— Na mvua?

— Mvua njo juu ya majani. Mbuzi zitakula nini?

— Na sasa juu ya nini analia?

— Weye ulitoaka mbuzi kumi na mbili bila kulia?

Hapo hata Sous-titre alikubali kuwa kuna jambo. Lakini hakutaka kushindwa kwenye kazi yake mwenyewe.

— Sawa. Na bale babinti makumi tano wanaotoka nyuma ya muti, bote na nguo moja? Bale ni nani?

— Ni batu ya kucheza tu.

— Hapana. Ni bashangazi. Walisikia kuna kilio, bamefika bote siku moja, hakuna aliyetuma neno. Njo juu ya ile kijana analia: atabalisha nini?

Katika yote yaliyosemwa asubuhi ile, hilo peke yake lilikuwa na akili. Nilimwambia hivyo, na alivimba mpaka ubao ulilia.

— Mais, mi kwangu, alisema Bureau, maneno haina kazi. Ile muziki yenyewe njo inasaidia mutu. Kila asubui, mbele ya kuingia ku bureau ya batu, naweka mu kichwa ile muziki ya acteur anatembea. Tun, tun, tun. Bega inapanda yenyewe. Bananiita Monsieur.

— Na kisha? niliuliza.

— Kisha banasema nirudi kesho. Mais banasema: "Monsieur, rudi kesho."

Tulicheka. Mathe naye alicheka kidogo, halafu akasema, akiangalia gurudumu la pikipiki yake:

— Mi naimbaka ile wimbo ku barabara ya Oicha, kule banavizia batu. Mu film, kama mubaya anakuja, ngoma inapiga mbele. Unajua. Huku hakuna kitu inakupigia. Donc naimba. Nikiimba, naona kama mama iko nyuma yangu, ananishika ku koti.

Nilimmiminia kahawa nyingine. Ilikuwa inapoa, na kahawa iliyopoa hainunuliwi.

Ndipo alipofika mama mmoja na mfuko wa mbegu za kakao, anataka kwenda Oicha. Tulijua jina lake ni Léa kwa sababu alilisema mwenyewe, pamoja na haraka yake. Mathe alimwomba subira, akamweleza shida yote. Léa alisikiliza bila kutua mfuko.

— Na mama yako, aliuliza, ile wimbo ikiimba, yee alikuwaka wapi?

— Vipi, wapi? alisema Sous-titre. Alikuwa mu nyumba, iko anaangalia!

— Sikukuuliza weye.

Mathe alipapasa mifuko ya koti, kama mtu anayetafuta ufunguo.

— Hakuwaka mu nyumba, alisema mwishowe.

— Vipi?

— Wimbo ikianza tu, alikuwaka anasimama. Anasema: "Hawa wataimba mpaka kesho, acha niende kuangalia sufuria." Anatoka ku jiko. Siye tunabaki na wimbo. Ikiisha, yee huyu ku mulango, na maharagi, na mboga ya sombe. Kila siku. Siye tulikuwa tunangojea wimbo iishe.

— Donc hakuisikiaka? aliuliza Bureau polepole.

— Hata mara moja.

Sous-titre, mtu aliyetafsiri film mia bila kujua lugha hata moja, aliinua kikombe kitupu akanywa. Mathe alitoa simu, akampigia Éliakim palepale, na sote tulisikia.

— Éliakim, ndugu yangu. Ambia mzee wa kanisa ile wimbo inasema "chakula iko tayari." … Hapana, sichezi. … Bon, sikia: musiipige mu kanisa. Muipige inje, saa ile bamama banatoa sahani ya chakula. … Njo vile. … Pale hata mzee hataweza kuuliza maneno, mudomo itakuwa imejaa. Wasingya, ndugu yangu, aksanti.

Alifuta uso kwa mkono wa koti, akafunga mfuko wa Léa kwa kamba, akawasha pikipiki. Walipokata kona bado tulisikia anaimba, vibaya, na Léa anamwambia aangalie mbele.

Nilianza kukusanya vikombe. Sous-titre alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

— Mama Ornella, na kwako batoto bakiweka film, zile wimbo unazijua?

— Nazijua, nilisema. Mwanzo tu.