Koplo na Mate ya Kituo cha Basi

Marehemu, ambaye nyumbani na mtaani wote tulimwita Koplo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, kitindamimba wa mama muuza vitambaa. Aliyembeba mgongoni ni dada yake mkubwa, na mpaka anaanza shule alikuwa akimwita dada huyo mama.

Alisoma hadi kidato cha pili, akasifika kwa mwandiko mzuri na utani usiokwisha. Mwaka 1972 aliingia jeshini, akapelekwa vitani. Alirudi tarehe 3 Juni 1975, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Koplo alisema aliposhuka basi, mtu mmoja katika umati alimtemea mate usoni, wengine wakacheka. Dada yake, aliyempokea na kumbebea begi, alisema watu walipiga makofi na hakuna aliyetema.

Alijifunza ufundi wa makochi, akafungua karakana yake. Kila kochi alilomaliza alilijaribu kwa kulilalia, na wateja wengi walimkuta fundi anakoroma juu ya mali yao. Akiamshwa, alikuwa akisema tu, "Limefaulu."

Tarehe 13 Desemba 1980 alifunga ndoa na mshonaji wa jirani, wakajaliwa mabinti wawili. Mkewe hakuingilia ubishi ule. Alipobanwa aseme yuko upande gani, alijibu, "Kituoni mimi sikuwepo. Ila naishi na mtu anayeamka akijifuta shavu."

Mwaka 2003, kwenye mkutano wa askari wastaafu, mgeni rasmi alisema habari za askari kutemewa mate walipotoka vitani ni uzushi mtupu. Koplo alisimama, akamwomba dada yake awaeleze watu alichokiona. Dada akasema kwamba hakuona kitu. Ukumbi ukaguna, na mtu fulani nyuma akacheka. Koplo akaketi taratibu. Tangu siku ile hakumsalimia tena dada yake. Karakana aliifunga, akawa mtu wa kushinda ndani, madirisha hayafunguliwi, na wanawe wakimbembeleza atoke, anawaomba wamwache.

Mwishoni mwa 2018 alipatikana na saratani ya koo. Dada yake alipofika wodini, sauti ya mgonjwa ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Dada, nilitemewa?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Niliona."

"Unasema hivyo kwa kuwa nakufa," Koplo akasema, akageukia ukutani. Dada alimshika bega, akamwita kwa jina la utotoni, lakini hakugeuka. Aliaga dunia kesho yake asubuhi, Jumatano tarehe 8 Mei 2019.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na dada yake huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye tangu Jumanne ile ya wodini anamuuliza kila anayempa pole alipaswa kujibu nini.

Tunamwombea Koplo amani ambayo sisi watu wake hatukuweza kumpa. Apumzike, jamani. Alichoka mno.