Goti la Fundi na Kano ya Marehemu

Mimi si mtu wa kunyemelea mazungumzo ya watu. Asubuhi ile kwenye treni nilikuwa nimezama katika simu yangu, na kama maneno yaliniingia, basi yalijiingiza yenyewe.

Mbele yangu alikaa fundi mwashi, magongo mapajani, goti limefungwa kama mtoto mchanga. Kano ilimkatika akishuka ngazi na ndoo ya zege. Leo daktari alikuwa anamsubiri amshonee nyingine, iliyotolewa kwa marehemu.

"Nitakataa, mama," alimwambia muuza vitambaa aliyekaa pembeni yake. "Kama marehemu alikuwa mlevi je? Si goti litanipeleka kilabuni?"

"Kwani sasa hivi nani anakupeleka?"

"Nakwenda mwenyewe."

"Basi mtakuwa wawili, hamtapotea njia. Mimi, baba, niliwekewa kano ya marehemu mwaka juzi, na ngazi napanda kama mbuzi."

"Na mwenyewe hajaja kuidai?"

"Aje. Atapanga foleni kama wateja wengine."

"Ngazi ndiyo shamba langu," fundi akasema polepole. "Nisipopanda, wanangu hawali. Lakini kuazima kiungo cha mtu nisiyemjua..."

Treni ikapunguza mwendo. Kituo cha hospitali. Fundi alishika magongo, asiinuke. Akanigeukia. "Kijana, ungekuwa wewe ungekubali?"

"Samahani mzee, sikuwa nasikiliza."

"Kweli hakusikia," mama akamwambia. "Ila tangu ulipotaja marehemu, anapapasa goti lake."

Nikatazama chini. Mikono yote miwili ilikuwa gotini, simu imelala sakafuni. Treni ikasimama.