Sekunde ya Mlipuko: Risala ya Wasikilizaji wa Ardhi wa Genkuru kwa Mkuu wa Wilaya

Mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Tarime, shikamoo, na karibu Genkuru. Sisi tulio mbele yako ni wanafunzi watano wa chuo kikuu na wakazi kumi na wanne wa kijiji hiki. Tunapima mtetemo wa ardhi na sauti ya hewani kila mgodi unapolipua baruti chini ya ardhi.

Historia
Tulianza mwezi wa sita mwaka jana, kwa vifaa vitatu na kosa moja. Kifaa cha kwanza tulikifukia ndani ya zizi la Mzee Nchagwa, kwa kuwa hakuna mwizi anayethubutu kuingia humo. Baada ya wiki mbili tukamwandikia mhadhiri wetu kwamba mgodi hulipua kila alfajiri na kila jioni. Mzee Nchagwa aliposomewa barua hiyo alitutazama kwa huruma.

"Wanangu, hao ni ng'ombe wangu. Mgodi haukamuliwi."

Hadi leo akitukuta njiani huuliza zizi limelipua mara ngapi.

Mafanikio
Tulikihamisha kifaa, na sasa tumenasa milipuko mia mbili na kumi na moja. Mtetemo hutangulia, sauti hufuata, na pengo kati yake hutueleza umbali. Wakazi wenyewe ndio wanaobadilisha betri na kuandika saa. Jambo hilo linatufurahisha kuliko yote.

Changamoto
Nyumba ya Mama Ghati, mtunza daftari wetu, ina ufa. Wapo wanaosema ni baruti, wapo wanaosema ni udongo. Yeye alituambia, "Sitaki kumlaumu mtu. Nataka kujua nijenge wapi." Matofali ameshachoma.

Tungeweza kumjibu. Mtetemo hupita haraka kwenye mwamba. Kwenye udongo laini hupita polepole na kutikisa zaidi. Lakini ili kupima mwendo huo, na kumwonyesha palipo na mwamba, lazima tujue sekunde baruti ilipolipuka, na sekunde hiyo inajulikana mgodini tu. Tumepeleka barua mbili. Tulipokewa kwa heshima, tukaambiwa tutaitwa.

Ombi
Mheshimiwa, hatuombi fedha wala gari. Tunaomba utusemee mgodini, tupewe sekunde ya kila mlipuko kwa mwezi mmoja tu, kabla ya masika. Mama Ghati amekaa safu ya pili. Ametuagiza tuongeze kwamba fundi ameshapatikana.

Mungu akufikishe salama nyumbani, na akupe wepesi katika kila neno utakalotusemea.

Ni sisi, Wasikilizaji wa Ardhi, Genkuru.
Imesomwa na Awiti Olima, katibu.