Sketi Iliyoshonwa Mtaa wa Pili

Benchi letu liko nje ya duka la fundi cherehani, kati ya mlango wake na jiko la muuza kahawa. Kila asubuhi tunakaa wale wale: Breki, dereva mstaafu wa lori, Wakili, ambaye mahakamani amefika mara moja tu, tena kama shahidi, na hakuitwa, mimi ninayetengeneza redio, na mwenye duka mwenyewe, tunayemwita Sentimita kwa sababu hata akikupa mkono wa salamu anakukadiria urefu wa shati. Leo Sentimita hakukaa. Alisimama mbele yetu amefura, mate yanamruka, kahawa yake imepoa bila kuguswa. Binti yake alikuwa ametoka kupita hapo akienda shule, ametuamkia vizuri tu, amevaa sketi mpya. Na sketi hiyo hakuishona baba yake.

SENTIMITA: Mmeyaona yale marinda? Yanalala kulia! Mimi tangu nianze kazi hii marinda yangu yanalala kushoto, mtaa mzima unajua!

BREKI: Labda kaivaa mbele nyuma, bwana.

SENTIMITA: Mbele nyuma nini! Ile ni kazi ya yule mama wa mtaa wa pili. Mwanangu mwenyewe, jamani! Kitambaa nimenunua mimi, kimekaa kwenye rafu kinamsubiri. Nikimwambia njoo nikupime, "Kesho, baba." Kesho ikifika, "Nina masomo, baba." Kumbe!

MIMI: Na mama yake anajua?

SENTIMITA: Si ndiye aliyempeleka! Namuuliza, anacheka. Ananiambia, "Baba watoto, hebu kunywa chai yako." Mimi nimeumia, yeye ananiletea habari za chai!

Hapo na sisi hasira zikatupanda. Mimi nina mabinti wawili, na haki ya nani, damu ilinichemka utadhani nimevuliwa shati sokoni.

BREKI: Hiyo ni dharau, wala usiitafutie jina jingine. Mtoto anaionea haya cherehani ya kukanyaga. Yule mama ana ya umeme.

SENTIMITA: Hiyo ya kukanyaga ndiyo inayomsomesha!

WAKILI: Nyie hamwoni mbali. Yule mama ana akili nyingi. Kashona sketi moja, kamvisha binti wa fundi mwenzake, kampitisha nayo hapa hapa dukani. Watu watasema nini? Watasema hata nyumbani kwake hawamwamini. Binti yako ni tangazo linalotembea, ndugu yangu!

MIMI: Tena la bure!

WAKILI: Baada ya hapo wanafunzi wote wanahamia kule. Halafu walimu wao.

BREKI: Halafu sisi! Unadhani wale wanawake wanateta nini pale bombani kila jioni? Ni njama ile. Siku moja tutaamka suruali zetu zote ziko mtaa wa pili, na hakuna aliyetuuliza.

WAKILI: Sketi ikamatwe! Ule ni ushahidi.

BREKI: Ikamatwe huku mtoto kaivaa?

WAKILI: Akitoka shule, bwana, usijitie hamnazo.

MIMI: Mimi nasema twende wote sasa hivi, tukamuulize yule mama kapata wapi ujasiri.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumekasirika kweli kweli, na Breki alishaanza kufunga kamba za viatu. Ila Sentimita hakusogea, na sauti yake ikashuka.

SENTIMITA: Mimi sigombani na yule mama. Nauliza huyu mtoto nimemkosea nini. Tangu anajifunza kutembea nguo zake zote nashona mimi. Nilikuwa nampandisha juu ya meza ya kukatia, namwambia inua mikono, nikipitisha futi kwapani anacheka mpaka anakaa chini. Leo sifai? Leo ananiona mshamba mbele ya wenzake? Aseme basi!

Kumbe muda wote huo kulikuwa na mama mmoja amesimama mlangoni, wala hatujawahi kumwona pale. Ameshika suruali ya shule ya mwanawe, anasubiri fundi amalize kufoka ampunguzie urefu.

MAMA: Samahani, kaka zangu. Huyo binti yuko darasa gani?

SENTIMITA: Kidato cha pili.

MAMA: Na angekuja kwako, vipimo angemchukua nani?

Sentimita akafungua mdomo. Nilimwona kabisa anataka kusema "mimi", na neno lenyewe likagoma kutoka. Breki, msemaji wa kila jambo, akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta kiberiti, na havuti sigara. Mimi nikawafikiria wangu wawili kule nyumbani, nikaona aibu kwa yote niliyokuwa nikibwata. Muuza kahawa alikuja na birika, akatuzunguka wote, hakuna aliyemsogezea kikombe.

Sentimita akaipokea ile suruali. Akaikunja, akaikunjua tena.

SENTIMITA: Dada, yule mama wa mtaa wa pili unamfahamu?

MAMA: Namfahamu.

SENTIMITA: Ukipita kwake mwambie kwenye pindo la sketi aache vidole vinne. Mimi kila mwaka nilikuwa namwachia vinne. Anarefuka upesi sana.